Mama Mwingine Kule Gitting

Perpetua wa Tumati hakuwa mtu wa kuona wivu. Jirani akiezeka bati, alikwenda kumpongeza na kibuyu cha maziwa mkononi, na pongezi yake ilitoka moyoni. Shemeji yake aliponunua redio kubwa ya kaseti, miaka ile ambapo madukani vitu vilishajaa tele na jina la mkoa mpya wa Manyara lilikuwa bado geni mdomoni, yeye alisema tu, "Mungu awape na betri." Watu wakacheka. Wivu ulikuja kumpata akiwa mtu mzima, mama wa watoto wanne, asiyekosa jumuiya wala misa, na alimwonea mwanamke ambaye hakumkosea kitu. Kwa hiyo hakuwa na mahali pa kuupeleka. Akabaki nao.

Ulikuja kwa njia ya Tekla, mtoto wake wa tatu.

Tekla alikuwa na miaka tisa na nyumba nzima ilikuwa inamwogopa. Si kwamba alikuwa mtundu. Watoto watundu Perpetua aliwajua, aliwahi kulea wawili wakawa watu. Huyu ukimwambia "leta maji" anakutazama, halafu ghafla macho yakabadilika, na kilichokuwa mkononi mwake kikaruka. Alimvunja mwenzake jino shuleni kwa sababu alikaliwa mahali pake. Aliuma. Alifungulia ndama usiku mmoja wa mvua wakapotelea bondeni. Siku alipochoma banda la majani ya ng'ombe, alisimama pembeni akitazama moto bila kulia, bila kucheka, na hilo ndilo lililomtia mama yake baridi kuliko moto wenyewe.

Walimchapa. Hermani, baba yake, alimchapa mpaka siku moja akaitupa fimbo juu ya paa na kusema, "Mkono wangu umechoka, na yeye hajachoka." Walimwombea. Mzee mmoja alikuja na dawa za kufukiza. Mwalimu mkuu akasema abaki nyumbani kwanza.

Ndipo paroko akawaambia kuna kituo Katesh kinachotibu watoto wa namna hiyo. Perpetua alidhani ni hospitali. Aliyekuja na pikipiki kuwaona alikuwa kijana mrefu aitwaye Gerald, mshauri wa kituo, amesomea mambo ya watoto chuoni, mpole, mwenye tabia ya kuchuchumaa akiongea na mtoto ili macho yao yalingane.

"Mama Nicodemo," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama inavyopasa, "mtoto huyu si mbaya. Na ninyi si wabaya. Ila nyumba hii na yeye mmechokana."

Akaeleza utaratibu. Kituo hakikuwa na mabweni. Mtoto alipelekwa kukaa na mlezi aliyefundishwa kazi hiyo, nyumbani kwa mlezi huyo, kama mtoto wa nyumba. Kila wiki Gerald angekaa naye kumsikiliza. Na Jumamosi za mafunzo wazazi wangekuja wao wenyewe, kwa siku waliyopangiwa, wajifunze kuishi naye. "Lengo ni arudi kwenu," alisema. "Lakini akirudi kwa wazazi walewale, ataanza yaleyale."

"Nijifunze nini?" Perpetua aliuliza. "Nimezaa wanne."

"Mama," Hermani akasema taratibu, "banda limeungua."

Basi Tekla akapelekwa Gitting, kwa mwanamke aitwaye Restituta, ambaye watu wote walimwita Mama Wolfgang.

Mama Wolfgang alikuwa mnene, msafi, mwenye sauti ya kujaa nyumba. Mumewe alifanya kazi mashamba ya ngano, mwanawe mmoja alikuwa mkubwa yuko Arusha. Alipenda kuongea, na hasa alipenda kusema "sisi tuliosomea malezi". Jumamosi ya kwanza, yeye na Perpetua walisimama mlangoni wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aamkie. Perpetua alihesabu haraka moyoni: mwanawe mmoja tu, na uso hauna mkunjo, atakuwa mdogo kwangu. Mama Wolfgang naye inaelekea alikuwa anahesabu vyake. Shikamoo haikutoka upande wowote.

"Habari za Tumati?" Mama Wolfgang akasema mwisho.

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri."

Na ikawa hivyo.

Halafu Tekla akatoka ndani, na Perpetua akaona nywele. Mtoto alikuwa amesukwa. Mistari myembamba, imenyooka, imekutana utosini kama shamba la mtu mwenye ng'ombe wazuri wa kulimia. Tekla! Ambaye tangu miaka mitano hakukubali kitana kimkaribie, ambaye mama yake alikuwa anamnyoa kwa kumbana katikati ya magoti huku wote wawili wanalia.

"Nani kakusuka?"

"Mama," Tekla akajibu, na kidole chake kilimwonyesha yule mwingine.

Siku ile Gerald alifundisha mambo mazuri. Kwamba amri itolewe mara moja na iwe fupi. Kwamba mtoto apewe kuchagua kati ya mambo mawili, yote ambayo mzazi anayakubali. Kwamba akifanya jema hata dogo aambiwe, na akipandisha hasira mkubwa asipandishe ya kwake. Hermani alishika yote, akauliza na maswali. Perpetua hakusikia kitu. Alikuwa anatazama mikono ya Mama Wolfgang, mifupi, minene, na kujiuliza ilipita wapi mpaka ikafika kwenye kichwa cha mwanawe.

Njiani kurudi Hermani akasema, "Yule mama anajua kazi."

"Anajua," Perpetua akasema. "Na anajua kwamba anajua."

Hermani akacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani alianza kuharibika kidogo kidogo. Akikoroga uji anajiuliza yule anakoroga vipi. Kwenye jumuiya, wakisali rozari, anafika kwenye kuwaombea wanaotutendea mema, na jina la Mama Wolfgang linakwama kooni kama kipande cha kiazi cha moto. Alimwomba Mungu mtoto apone. Na kila alipoambiwa mtoto anaendelea vizuri, kitu fulani ndani yake kilinuna. Alijua ni dhambi. Alikwenda akaungama, akarudi, akakikuta kimekaa palepale kinamsubiri.

Aliyemalizia kumharibu ni jirani yake Fransiska. Huyu alikuwa anatunza ng'ombe mmoja wa Perpetua, jike la rangi ya kahawa, kwa utaratibu wa siku zote wa huko: unampa mwenzako ng'ombe wako akae zizini kwake, maziwa na samadi ni yake, ndama ni wako, na ng'ombe mwenyewe ni wako mpaka mwisho. Ukitaka kumwona unakwenda siku yoyote, hupigi hodi mara mbili. Ukimtaka unamfungua kamba unaondoka naye, na mwenzako anakusindikiza. Anayesitasita kumtoa watu humwangalia vibaya.

Siku hiyo Perpetua alikwenda kumtazama huyo ng'ombe, akakuta amenenepa.

"Karibu umkague," Fransiska akasema akikinga maziwa. "Na yule mwingine wa Gitting unamkagua lini?"

"Nani?"

"Binti yako. Naskia kanenepa na yeye. Naskia huwezi kwenda mpaka upangiwe siku." Akacheka ndani ya kibuyu. "Mimi ningekwambia leo usimwone ng'ombe wako, rudi Jumamosi, ungenifanya nini?"

"Ningekupiga na huo mkanda wa kumfungia miguu."

"Ehee."

Ilikuwa utani tu, na Fransiska akausahau kabla maziwa hayajapoa. Perpetua aliondoka nao. Aliutafuna njia nzima. Kweli, nani alishampangia mwenye mali siku ya kuiona mali yake? Hata hakumwambia Hermani. Jumatano, siku isiyo yake, alijifunga kitenge cha kanisani, akapanda lori la mahindi mpaka Katesh, na huko akapata gari lililokuwa linapandisha Gitting.

Alifika Mama Wolfgang na Tekla wamekaa nje, wanachambua maharage kwenye ungo. Hawakumwona. Akasimama nyuma ya ua wa minyaa. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani, na baridi ilikuwa inashuka.

"Tekla, utachota maji sasa, au tukimaliza ungo huu?" Mama Wolfgang aliuliza.

"Sichoti."

"Sasa, au tukimaliza."

Macho ya Tekla yakabadilika. Perpetua aliyajua macho hayo, na akiwa kule nyuma ya ua alijikuta ameshakunja mabega kukwepa. Ungo ukaruka. Maharage yakatawanyika uwanja mzima. Tekla akapiga kelele, akapiga teke kigoda, akashika jiwe.

Na Mama Wolfgang, mwanamke yule wa maneno mengi, akanyamaza. Alihamisha kigoda chake hatua moja, akakaa tena, mikono magotini. "Nipo," alisema. "Nakusubiri." Basi. Hakuongeza.

Tekla alisimama na jiwe lake. Akalia. Akalizungusha. Ikapita muda mrefu, kuku wakaanza kula maharage. Mwisho jiwe likaanguka lenyewe, na mtoto akaenda, akajitupa mapajani mwa yule mwanamke kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Mama mwenye akili zake angepiga magoti palepale amshukuru Mungu. Perpetua naye aliona muujiza ule, hakuwa kipofu. Lakini alichokiona zaidi ni mapaja. Mapaja makubwa ya mtu mwingine, na uso wa mwanawe umezama humo. Tangu mtoto huyo aache ziwa hakuwahi kumwegemea yeye namna hiyo. Hakuwahi hata mara moja. Damu ikampanda mpaka masikioni, akaingia uwanjani.

"Tekla. Chukua nguo zako, tunakwenda nyumbani."

Mama Wolfgang akainuka, maharage yakidondoka kwenye khanga. "Mama Nicodemo! Karibu. Si siku ya... Kuna nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimemfuata mtoto wangu."

"Lakini hajaandaliwa. Lazima aambiwe mapema, na Gerald awepo. Sisi tuliosomea..."

"Nikimfuata ng'ombe wangu zizini kwa mtu," Perpetua akasema, "huwa anaandaliwa?"

Mama Wolfgang naye alikuwa mtu wa huko huko. Sheria hiyo alizaliwa nayo. Akaingia ndani, akatoka na nguo zimekunjwa vizuri kwenye mfuko wa rambo, akamkabidhi. Hakumbusu mtoto. Alimshika kichwa tu, juu ya ile mistari ya nywele, akarudi ndani akaegesha mlango.

Tekla alitazama nje ya gari mpaka Tumati.

Hermani alipoona wanaingia, aliweka chini kikombe cha chai. "Umefanya nini?"

"Nimemrudisha mwanao."

"Kapona?"

Perpetua akaupeleka mfuko wa nguo chumbani.

Kwa muda mtoto alikuwa kimya, anachota maji, analala. Perpetua akaanza kujisifu moyoni. Akaamua pia kutumia zile mbinu, maana si alikuwa ameziona kwa macho yake? Asubuhi moja alimwambia Tekla afagie. "Utafagia sasa, au baada ya chai?" Akajitahidi mpaka sauti, ile nzito ya kushuka.

Tekla akamgeukia polepole.

"Hayo ni ya Mama Wolfgang," alisema. "Usiseme."

"Mimi ni mama yako, nasema ninachotaka."

"Usiseme! Unaigiza!"

Ufagio ukaruka. Perpetua akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, akasema, "Nipo. Nakusubiri." Na hapo ndipo mtoto alipopiga ukelele ambao hata zamani hakuwahi kuupiga, ukelele wa mtu aliyeibiwa. Clement, mdogo wake wa miaka minne, alikuja mbio kuona kuna nini. Tekla alikuwa na mpini wa jembe mkononi. Hakumlenga. Au alimlenga, nani ajuaye. Mkono wa mtoto ulivunjika juu ya kiwiko, na waliokuwa shambani walisikia kilio.

Walirudi kutoka hospitali Clement amefungwa mkono kwa plasta, amelala begani kwa baba yake. Hermani hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Nyumba hii haiwatoshi hawa wawili," alisema. "Umpigie yule kijana. Akikataa, nitampeleka Tekla kwa dada yangu Singida akakae huko moja kwa moja. Sitakuja kumzika mmoja kwa sababu ya mwingine."

Moja kwa moja. Perpetua alilibeba neno hilo mpaka dukani, mahali pa simu ya kulipia, juu kwenye kilima ambako mtandao ulikuwa unashika. Dada wa Hermani alikuwa na fimbo na hakuwa na subira. Kama Tekla angekwenda huko, asingekuwa tena mtoto wa mtu yeyote.

Alimweleza Gerald yote, hata utani wa Fransiska. Alitegemea agombezwe. Gerald akasema tu, "Nafasi yake ipo. Mama Wolfgang amekataa kupokea mtoto mwingine."

Hata pale, na Clement amevunjika mkono, Perpetua alisikia kitu kikimchoma. Kwa nini akatae? Alikuwa anamsubiri mtoto wa nani?

"Lakini safari hii hatakuja peke yake," Gerald akaendelea. "Utakuja na wewe. Utakaa pale, ulale pale, ule pale. Tunafanya hivyo na wazazi wengine."

"Chini ya paa la yule?"

"Mama, naomba nikwambie jambo. Tekla anapocheka kule Gitting, ninyi mkija, anaacha kucheka. Umewahi kuliona hilo? Anakutazama usoni kwanza. Mtoto haponi mahali ambapo akipapenda anaona amekuibia."

Perpetua akasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Alimwomba Hermani abaki na Clement, akamchukua Tekla, wakashuka tena. Getini kwa Mama Wolfgang mtoto alisimama. Hakukimbilia ndani kama mama yake alivyotarajia. Alisimama na kumtazama Perpetua usoni, anasubiri kitu, kama mtu anayetazama mawingu kabla hajaanika. Kwa hiyo ni kweli, Perpetua aliwaza. Ni kweli, na sikuwahi kuona.

Mama Wolfgang akatoka. Wakasimama tena kama siku ya kwanza.

"Shikamoo," Perpetua akasema.

"Marahaba," Mama Wolfgang akajibu upesi mno, halafu akaona aibu, akasema, "Jamani, wewe umezaliwa mwaka gani?"

Wakataja. Perpetua alikuwa mkubwa kwake.

"Basi nirudishie," Perpetua akasema.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Tekla alikuwa anawatazama huku na huku, na Mama Wolfgang akacheka kwa ile sauti yake ya kujaa nyumba, na mtoto akaingia ndani.

Hayakuwa maisha mepesi. Kula ugali wa mtu siku baada ya siku ni kazi. Mama Wolfgang alimsahihisha mbele ya mtoto: "Amri moja, dada, umetoa tatu." "Hapo ungemsifu." Perpetua aliitikia "haya" mpaka meno yakauma. Wakati mwingine jioni Tekla alikwenda kukaa karibu na yule mwingine, na Perpetua alitoka nje akajidai anafunga mlango wa kuku. Gerald alipokuja alisema jambo moja tu jipya: mtoto akipandisha, safari hii atakayebaki naye ni Perpetua. Mama Wolfgang atoke.

"Nitoke niende wapi?" Mama Wolfgang akauliza.

"Nje."

"Na wakiumizana?"

"Ukisikia 'njoo', unakuja. Usipoitwa, usije."

Ilikuja siku ya makande. Chungu kilikuwa mafigani, mahindi na maharage yanachemka, na Perpetua alimwomba Tekla aondoe mifuniko iliyokuwa sakafuni. Mara moja, kwa ufupi, vizuri kabisa. Mfuniko mmoja ukaja ukampiga juu ya jicho.

Mama Wolfgang aliinuka kwa mazoea, akakumbuka, akasimama katikati ya jiko. Akamtazama Perpetua. Halafu akatoka.

Perpetua akakaa sakafuni karibu na mlango. Damu kidogo ilikuwa inashuka, akaikandamiza kwa ncha ya kitenge. Dirishani alimwona Mama Wolfgang karibu na zizi. Alikuwa ameuma upindo wa khanga yake. Alinyanyua mguu kuja jikoni, akaurudisha. Akanyanyua tena. Uso wake Perpetua aliujua vizuri, maana ndio aliokuwa nao yeye nyuma ya ua wa minyaa. Akafurahi. Mungu amsamehe, alifurahi sana, na furaha hiyo haikumsaidia chochote, maana mtoto alikuwa bado anarusha mifuniko.

"Wewe hujui!" Tekla alikuwa analia. "Yeye ndiye anajua! Wewe hujui kitu!"

Nipo, nakusubiri, ulimi wa Perpetua ulitaka kusema. Akayameza. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa na mwenyewe. Akatafuta ya kwake na hakupata hata moja, ila lile alilokuwa amelibeba muda wote.

"Kweli sijui," alisema. "Na nina wivu."

Tekla akasimama na mfuniko mkononi. "Wivu wa nini?"

"Wa wewe. Nikikuona kwa Mama Wolfgang naona wivu. Ndiyo maana nilikuchukua ile siku. Haikuwa kwa ajili yako."

Mtoto alimtazama, mashavu yamelowa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kazini, bila shaka ndivyo Gerald alivyokuwa anamuuliza yeye, "Mkubwa kiasi gani?"

Perpetua akafikiri. Akaanza kutanua mikono kuonyesha, akagonga ukuta upande mmoja na kuni upande wa pili.

"Humu jikoni hauenei," akasema.

Tekla hakucheka, lakini mdomo wake ulicheza. Akaweka mfuniko chini. Akakaa, si karibu, mbali kidogo, upande wa pili wa mafiga.

"Na wangu hauenei," alisema.

"Wewe nawe unao?"

"Wa Clement. Ulikuwa unalala umegeukia kwake."

Perpetua alikuwa na jibu. Mtoto mchanga ananyonya, kitanda ni kimoja, mama ana mgongo mmoja tu. Jibu lilikuwa zuri na la kweli, na alilishikilia palepale kinywani, akaliacha lipoe.

"Ee," alisema. "Nilikuwa nimegeukia kwake."

"Nikikugusa unasema lala."

"Nilisema hivyo."

"Siku zote."

"Siku zote. Niambie na mengine."

Tekla akaanza kuyasema. Yalikuwa mengi, na mengine hayakuwa ya kweli, na mengine Perpetua alikuwa ameyasahau kabisa: kikombe cha bluu alichopewa Clement, siku ya sikukuu alipoachwa nyumbani kulinda kuku, jina la utani alilopewa na kaka zake na mama akacheka. Aliyasema akichora jivu kwa kijiti, hamtazami mtu. Chungu kikaanza kutoa harufu.

"Mama Nicodemo!" sauti ikaita kutoka nje, karibu sana na mlango. "Makande yanashika chini! Niingie?"

Perpetua angeweza kunyoosha mkono akakitoa chungu motoni. Angeweza kusema njoo. Makande yalikuwa ya mwenye nyumba, kuni za mwenye nyumba, na kuunguza chakula cha watu ni aibu ambayo Tumati nzima ingeisikia.

"Subiri kidogo, Mama Wolfgang," alisema.

Mtu alihema mlangoni, akahamisha mguu, hakuingia.

"Yanaungua kweli, mama," Tekla akanong'ona, macho yamemtoka.

"Nasikia harufu," Perpetua akasema. "Kile kikombe cha bluu. Endelea."